Kinoo cha Nyumba ya Bibi

Ukitaka kunifurahisha, usinionyeshe kisu chako. Kisu kipya hung'aa hata kama ni cha bati. Nionyeshe jiwe unalokinolea, nami nitakwambia kama mboga zako zinakatika au zinapondeka. Nayasema haya kwa sababu nimeishika kazi ya majiko makubwa tangu nikiwa binti mpaka mvi zikaanza kuchungulia chini ya kitambaa, na wakati ule, katika mkoa mzima wa Morogoro, hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye stashahada ya upishi wa taasisi kutoka ng'ambo. Kama alikuwepo, basi alijificha vizuri sana.

Stashahada hiyo sikupewa kwa hisani. Mama yangu alikuwa akishusha njegere na kabichi kichwani kutoka kijijini kwetu, huko juu ya Mlali, mpaka shingo yake ikawa fupi. Mimi nilifuata nyuma na kikapu changu, nikikariri masomo ya masista njia nzima. Nikafaulu, nikachaguliwa, nikapanda ndege. Niliporudi nilikuwa na koti zito ambalo Morogoro halikunifaa kwa lolote, stashahada ndani ya bahasha ngumu, na jiwe la kunolea la kiwandani lenye pande mbili: upande mmoja wa chenga kubwa, wa kurudisha kisu kilichomeguka, na upande mmoja laini, wa kukitia makali ya mwisho. Koti niliuza. Viwili vilivyobaki ndivyo vilivyonilisha.

Nilikabidhiwa jiko la kiwanda kimoja mjini. Sufuria zetu ungeweza kumwogeshea mtoto wa darasa la saba. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kila mtu alikuwa Ndugu, hata yule anayekufokea.

"Ndugu Agata, wafanyakazi wana njaa."

"Ndugu Meneja, hata mimi ninayo."

Mpishi mkongwe niliyemkuta pale aliitwa Mzee Yohana, mtu wa Gairo, mpole, mwenye mikono ambayo haikusikia moto. Siku moja alipita gereji akawaona mafundi wanamiminia mafuta jiwe lao la kunolea. Akarudi jikoni akalipaka jiwe langu mafuta ya kula. Mafuta yenyewe ya kupangia foleni! Asubuhi nikalikuta linang'aa kama andazi, panya wamelizunguka kwa alama za meno.

"Shikamoo, Mzee. Nani amelipaka jiwe langu mafuta?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Nililiona kavu, likanitia huruma."

"Basi ungelitia na vitunguu, tukalikaanga."

Jiwe lililozoea maji likinyweshwa mafuta huziba. Kisu kinateleza juu yake wala hakishiki. Nikalichemsha kwenye maji ya magadi, mafuta yakawa yanapanda juu naengua, naengua, na Mzee Yohana amesimama pembeni na mwiko. Nikamsikia anauliza kama chumvi imekolea. Vicheko jikoni havikutulia mpaka jua likawa la utosi. Kwa hiyo shikeni hili: jiwe la maji lipe maji, jiwe la mafuta lipe mafuta, wala usiwaoze hao wawili. Na jiwe la maji lizamishe kwanza mpaka liache kutoa mapovu. Likiwa bado linatoa mapovu, bado lina kiu, litakunyang'anya maji katikati ya kazi.

Jambo jingine ambalo vijana hamlijui, kwa sababu siku hizi mnanunua jiwe na kulitupa: jiwe hula chuma, na chuma hula jiwe. Kila unaponoa unalipunguza. Likitumika sana hubonyea katikati kama kitanda cha kamba, na ukinolea kwenye shimo hilo kisu kinatoka na makali ya mviringo, hakikati hata ndizi iliyoiva. Mimi la kwangu nililisawazisha kwenye sakafu ya sementi, kwa mchanga na maji, mara kwa mara. Lakini kusawazisha nako ni kula. Likapungua, likapungua, likawa jembamba kama kipande cha sabuni ya kugawana, na siku moja likavunjika mkononi mwa msichana wa vitunguu.

Nikaomba jingine. Nikajibiwa fedha za kigeni hakuna, Ndugu, tujitegemee. Wapishi wangu wakajitegemea kwelikweli: mmoja akinolea kwenye ngazi za sementi, mwingine kwenye kitako cha sufuria, mwingine kwa tupa ya kunolea majembe. Visu vikaota meno. Kabichi ikawa inachanwa badala ya kukatwa, inatoa maji, inachacha kabla ya chakula cha mchana. Msichana wa vitunguu akawa anakandamiza kisu kwa mikono miwili kama anafua, na ni kisu butu, si kisu kikali, kinachokata vidole. Kikali huenda unakokipeleka, butu huenda kinakotaka.

Ndipo nikakikumbuka kinoo cha nyumba ya bibi. Nasema nikakikumbuka, lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kukisahau. Ng'ambo, usiku wa theluji, nilikuwa nikiisikia sauti yake.

Kilikuwa jiwe jeusi lililopandwa ardhini mbele ya kizingiti, lenye bonde refu katikati lililochimbwa na visu vya wanawake wa ukoo wetu. Mvua ikinyesha, bonde lilibaki na maji, vifaranga wakanywa humo. Mimi nilipokuwa mdogo nilipenda kulaza mguu wangu ndani yake, na ulienea sawasawa, kisigino mpaka vidole. Bibi alikuwa akinoa pale alfajiri, maji kidogo, mikwaruzo mirefu bila haraka, shii, shii, nami nikiwa bado nimejifunika najua kwamba uji uko karibu.

Kwetu Waluguru nyumba na shamba hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mlinzi wake. Na katika nyumba yetu kulikuwa na kisu kimoja kilichoitwa kisu cha nyumba, cha kukatia mkungu wa kwanza na kuchinjia kuku wa mgeni. Kisu hicho hakukinoa mwanamume. Alikinoa mwanamke mwenye nyumba. Alikinoa bibi, kisha mama. Mama alifariki nikiwa ng'ambo. Baada yake zamu ilikuwa yangu, na mimi sikuwepo.

Basi nikapanda lori la kiwanda mpaka Mlali, kisha miguu. Mjomba Klementi nilimkuta anapalilia njegere kwenye matuta ya mbele ya nyumba. Aliniita mama, maana jina langu, Agata, ni la mama yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Huko kwenye masufuria huli?"

Nikamweleza shida yangu yote, nikamalizia: "Nimekuja kuomba kinoo."

Akaegemea jembe. "Unaniomba mimi? Ni changu? Ni chako."

"Basi nakichukua."

"Chako kikiwa hapa. Ukiking'oa ukakipeleka bondeni ni jiwe tu, na mlima huu una mawe mengi."

"Na nisipokichukua? Mpaka nije nistaafu, wewe na wanao mtakuwa mmekila chote kwa mapanga yenu. Nitakuta kizingiti kitupu!"

Nilisema kwa utani, kwa sauti ya mtu mwenye stashahada. Mjomba alikitazama kinoo pale kizingitini, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Twende mtoni. Tukakutafutie cha kazi."

Hapa sogeeni karibu, maana hili hamtafundishwa na mtu mwingine. Mawe mengi ya Uluguru hayafai. Yana vipande vinavyometameta juani, vizuri kwa macho, lakini hivyo ndivyo vinavyoota meno kwenye kisu. Tafuta jiwe lisilong'aa kabisa, jiwe lenye sura ya kuudhika. Lipige kwa jiwe jingine: likitoa mlio mmoja safi ni zima, likisema "pwe" lina ufa ndani. Pitisha ukucha juu yake: likiukwaruza sana, liache. Mjomba yeye alikuwa anayalamba. Mtu mzima amesimama ndani ya maji mpaka magotini, analamba mawe kama mbuzi aliyeona chumvi. Alisema jiwe laini hushika ulimi.

"Na kama mtu juu yetu anafua?" nikamwuliza.

"Basi nitajua sabuni imeadimika au bado ipo."

Mimi nilitumia tone la maji, kama nilivyosomea. Weka tone juu ya jiwe kavu. Likinywewa papo hapo, chenga zake zimeachana mno. Likikaa kama jicho, jiwe halinywi kabisa, kisu kitateleza. Unalotaka ni tone linalozama taratibu, kama mtu anayefikiria. Tulibishana mpaka mchana. Yeye alichagua la kijani, zuri, la kukaa mkononi. Mimi nikachagua la rangi ya jivu, zito, bovu la sura. Tukanoa kila mtu kisu chake kwenye jiwe lake, kisha tukaenda kwenye migomba. Mtihani wa kwetu ni jani bichi la mgomba: unalishika juu, unashusha kisu bila kukandamiza. Kisu chenye meno, jani hulia. Kisu kilichonolewa kweli, jani hukatika kimya.

La kwake lililia mwishoni. Kidogo tu, lakini tulisikia sote wawili.

La kwangu halikusema kitu.

"Haya," akasema, "karatasi yako inajua mawe."

"Inajua na mengine, Mjomba."

Alicheka, nami nikacheka zaidi. Akanisaidia kujitwika lile jiwe kichwani, juu ya kata. Nilipokwisha kugeuka ndipo aliposema, taratibu, kama anayezungumza na njegere zake:

"Umechagua vizuri mno, mama. Sasa nini kitakupandisha mlima tena?"

Nilimjibu kwa kicheko kingine, maana jiwe lilikuwa zito na lori lilikuwa linasubiri Mlali.

Jiwe lile la jivu lilikuwa fahari ya jiko. Vitunguu vya kachumbari vilitoka vyembamba hata Mzee Yohana akauliza nani amemwaga maganda kwenye siki. Meneja aliwaleta wageni walione. Mimi nikawa nawafundisha wasichana pale pale: laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kwa unene wa vijiti viwili vya kiberiti, ubaki hapo hapo, usiyumbe. Usihesabu mikwaruzo. Pitisha kidole kwa upande, usifuatishe makali. Ukisikia kikunjo chembamba cha chuma kimeinuka upande wa pili, geuza. Na usikilize. Kisu kinachonoleka sauti yake hubadilika, huanza na kukoroma na huishia kunong'ona.

Siku moja ya gulio, Oliva akaja mlango wa nyuma wa jiko. Oliva ni rika langu, tulichunga mbuzi pamoja. Yeye alibaki mlimani, akawa anatuletea kabichi na karoti. Safari hii alitoa kitu kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba.

"Mjomba anakusalimu. Anasema kisu cha nyumba hakikati."

Nilikifungua. Mpini ule ule wa bibi, umesuguliwa na mikono mpaka ukawa kama pembe.

"Ehe! Ana kinoo mlangoni na bado ananiletea mimi?" Nikawaita wasichana wote. "Njooni mwone! Kinoo bora kuliko vyote mlimani kimeshindwa na stashahada! Oliva, mwambie Mjomba jiwe langu limeshinda lake."

"Kamwambie mwenyewe. Miguu unayo."

Nikakinoa, nikakijaribu, nikakifunga tena. Gulio lililofuata Oliva akaleta majibu: "Anasema kimekata vizuri mpaka kimemkata na yeye." Baada ya majuma kadhaa kisu kikateremka tena. Ikawa desturi. Kisu kinashuka na karoti, kinapanda na chumvi au kipande cha sabuni nilichokibana kwenye mgao wangu. Wakati wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, kilikuja kimefungwa pamoja na viazi vitano vya shamba letu, vina udongo bado, na nilivila peke yangu bila aibu. Kila nilipokinoa niliisikia ile shii, shii, lakini haikuwa yenyewe. Jiwe langu lilikuwa na sauti ya juu, la bibi lilikuwa na sauti ya kifuani.

Nilikuwa nikisema, Krismasi nitapanda. Krismasi jikoni ndipo kuna kazi. Nikasema Pasaka. Nyinyi mliopewa vyeo mapema mtanielewa: cheo nacho kina kamba. Nilipanda kwa arusi na misiba pale misheni kwa masista, nikashuka na lori lile lile, na nyumba ya bibi ilikuwa mbele zaidi ya misheni, kilima kingine.

Kisha nikahamishwa. Miaka ile uhamisho ulikuwa amri leo, lori kesho. Jiwe la jivu nilimwachia Mzee Yohana.

"Maji, Mzee."

"Maji, mwanangu. Mafuta yenyewe yako wapi?"

Nilizunguka majiko ya mikoa mingine, kote nikitafuta mawe mitoni kwa lile tone la maji, na kote nikipata, maana jicho langu halikosei. Mjomba Klementi alifariki nikiwa mbali. Habari ilichelewa, nami nikafika matanga yameanuliwa. Nikaonyeshwa kaburi pale misheni. Mvua ilikuwa imekata njia ya juu, nikalala kwa masista, asubuhi nikashuka.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba Kilakala, ya matofali ya kuchoma, nimeijenga mwenyewe, hamna aliyenichangia hata msumari. Jikoni nina mawe manne juu ya rafu. Asubuhi, jiko la gesi likiwa kimya, nilikuwa nahisi kuna kitu kinakosekana kabla ya uji, na nilijua ni nini. Kiangazi kilichopita nikasema, basi. Nikapanda.

Oliva alinipokea misheni, ameinama lakini ulimi mzima. Tulikwenda polepole, wazee wawili, tukisimama kila kona kujifanya tunatazama mandhari. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kinoo hutumika, na kinachotumika huliwa. Nilitegemea kukuta jiwe limebonyea mpaka chini, au limepasuka, au hakuna. Nilichoomba ni mahali pake tu, nikae.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Mbele ya kizingiti palikuwa na tenga kuukuu limepinduliwa juu chini, na jiwe juu yake ili lisipeperushwe. Oliva akaliondoa.

Kinoo kilikuwa kimeota ukungu wa kijani pembeni. Lakini bonde lake lilikuwa lile lile. Nilivua kiatu, mzee mzima, nikaingiza mguu. Ulikuwa mkubwa sasa, lakini kina cha bonde kilifika pale pale kilipofika zamani, chini kidogo ya kifundo.

"Hawakukinolea?" nikauliza.

"Nani akinolee? Mjomba alikataza. Watoto wakija na mapanga alikuwa anawafukuza mpaka mtoni. Alisema mwenye kinoo ameahidi kuja akistaafu, asije akakikuta kimeliwa."

"Na yeye?"

"Yeye nani! Hakuweka hata wembe. Jembe, panga, vyote alivipeleka mtoni, mpaka miguu ikamkataa."

"Lakini kisu cha nyumba, Oliva. Kisu alikuwa ananiletea kwa sababu…"

Sikumalizia, maana nilikisikia nilichotaka kusema. Oliva alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini mvua inaanguka chini.

"Kisu cha nyumba kinolewe na nani mwingine? Mwenye nyumba ulikuwa wewe. Hukuja, kikawa kinakufuata."

Akaingia ndani akatoka nacho, bado kimefungwa kwa jani la mgomba. Akanichotea maji kwenye kata. Nikapiga magoti, magoti yakalalamika, nikanyunyiza, nikalaza kisu, nikainua mgongo unene wa vijiti viwili vya kiberiti, nikaanza. Ukungu ukatoka. Mwanzoni kilikoroma. Halafu, kidogo kidogo, sauti ikashuka, ikaingia kifuani, shii, shii.

Nilinoa mpaka kikunjo kikainuka, nikageuza, nikanoa tena mpaka kikaisha. Nikaenda kwenye mgomba ulio karibu, nikashika jani bichi juu, nikashusha kisu bila kukandamiza.

Jani lilikatika kimya kabisa. Nami, kwa fahari yote niliyonayo, nikageuka kumwonyesha Mjomba.